Mahali Alipogeukia Maksai

Bi Mahfoudha binti Thabit alifika Sib, pwani ya nchi ya wazee wake, akiwa katika eda. Mumewe, Marhoon, aliuawa Unguja katika zile siku za Januari 1964, na yeye akapandishwa meli pamoja na jamaa wengine kabla hajajua vizuri anapelekwa wapi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwalimu wa hesabu katika shule ya wasichana, hana mtoto. Ami yake, Majid, ndugu mdogo wa marehemu baba yake, alimpokea bandarini Matrah, akamchukua mpaka shambani kwake Sib na kumwonyesha chumba. Mkewe Majid, Bi Nasriya, alimtandikia mkeka, akamwambia, "Hapa ni kwenu, mwanangu. Kaa mpaka eda yako iishe, hakuna atakayekusumbua."

Akakaa. Wanawake wa jirani walikuja kumpa mkono wa tanzia, wakalia, kisha wakamtazama wakingoja naye alie. Hakulia. Wala hakuwa amejizuia. Alijitafuta ndani akakuta hamna kitu, kama mtu anayetia mkono mfukoni akatoa kitambaa tu.

Shamba alilijua kwa masikio kabla hajaliona kwa macho. Nyuma ya ukuta wa chumba chake kulikuwa na kisima, na juu ya kisima gurudumu kubwa la mbao. Maksai aliteremka kwenye njia ya mteremko akivuta kamba, ndoo ya ngozi ikapanda, na gurudumu likapiga kelele kama mtoto anayenyimwa ziwa. Maksai akirudi juu, likanyamaza. Ndivyo ilivyokuwa tangu alfajiri mpaka jua kali, na tena alasiri. Mahfoudha alilala akilisikiliza. Ilikuwa afadhali kuliko kufikiri.

Siku moja Majid alipokuja kumjulia hali, alimwuliza, "Ami, huku masika yanaanza lini?"

Majid aliishi Unguja ujanani mwake, na Kiswahili chake kilikuwa kimebaki cha wakati ule. Alicheka kidogo. "Masika umeyaacha kulekule, mwanangu. Huku mvua ni mgeni. Mwaka huja, mwaka haji."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu hajaja. Mwaka jana naye hakuja. Atakuja, inshallah."

Eda ilipokwisha alioga, akabadili nguo, akatoka nje. Mwanga wa Sib ulimuumiza macho. Aliona mitende, safu za mindimu, na migomba michache iliyojibanza karibu na kisima kama watu waliojikusanya penye moto. Bi Nasriya alimpa chai. Ilikuwa tamu sana, na chini ya utamu ule kulikuwa na kitu kingine.

"Chumvi," Bi Nasriya alisema alipomwona anaionja tena. "Nnazidisha sukari ili isijulikane. Zamani maji haya yalikuwa matamu yenyewe."

Mwaka uliofuata mvua iliyonyesha haikutosha hata kulaza vumbi. Mwaka wa pili wake, wanaume wa Sib walitoka kuswali swala ya kuomba mvua. Imamu aligeuza joho lake nje ndani, nao wakageuza mashuka yao, wakanyanyua mikono. Mahfoudha aliwatazama kutoka juu ya dari. Mawingu yalikuja upande wa milimani, yakakaa siku mbili, yakaondoka. Migomba ilikufa kwanza. Kisha majani ya mindimu yakaanza kuungua pembeni, kama karatasi iliyosogezwa penye taa, na ndimu zenyewe zikawa ndogo na ngumu.

Mahfoudha alifanya kila alichoambiwa. Aliokota ndimu, akazichemsha, akazianika juani mpaka zikawa nyeusi. Alisuka, alipika, alifua. Wanawake walimsifu kwamba ana subira. Bi Nasriya peke yake ndiye aliyejua kwamba ile haikuwa subira, maana mtu mwenye subira huwa anangoja kitu.

Jirani yao, Ishaq, alinunua mashine ya dizeli ya kuvuta maji. Msimu mmoja shamba lake lilikuwa kijani mpaka watu wakaenda kulitazama. Msimu wa pili maji yake yakawa ya chumvi kuliko ya mtu yeyote. Majid alimfuata mpaka mlangoni.

"Mashine yako imeivuta bahari chini ya ardhi, ikaja mpaka kwangu," alimwambia.

Ishaq hakupandisha sauti. "Labda, Sheikh Majid. Lakini ingekuwa mvua ni ile ya wazee wetu, bahari ingepata wapi nafasi? Pita ndani unywe kahawa."

Majid hakupita ndani, ila hakurudi tena kugombana. Hapakuwa na cha kugombania. Wote wawili walikuwa na miti inayokauka.

Bi Nasriya alitaka wahamie Matrah. Alikuwa na chumba cha urithi huko, nyuma ya soko. Alimwomba Mahfoudha amsemeze ami yake, kwa kuwa yeye mwenyewe alikwisha kusema akachoka. Mahfoudha alikwenda, kwa sababu alitumwa.

"Sikiliza," Majid alimjibu. "Baba yako, Thabit, aliondoka hapa kwa ajili ya ukame. Mimi nikamfuata. Nikachuma karafuu, nikalala kwenye vibanda vya watu. Kisha tukasikia mvua imerudi Sib. Mimi nikarudi, yeye akasema ameshazoea. Akafa huko, na wewe unajua yaliyokufika huko. Mvua huondoka ikarudi. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Safari hii siondoki."

"Sawa, ami," alisema Mahfoudha, akaenda kumwambia Bi Nasriya kwamba amekataa.

Maji yalizidi kushuka. Majid akamwamuru Bakhit, mtu aliyemwendesha maksai, auchimbe na kuurefusha ule mteremko, kwa sababu kisima kikirefuka kamba nayo hurefuka, na maksai hana budi ateremke zaidi ndipo ndoo ifike juu. Mahfoudha aliwapelekea kahawa. Alikuwa hajawahi kuteremka mule. Aliteremka, na upande mmoja wa njia aliona jiwe kubwa limesimamishwa. Mbele yake kidogo lilikuwapo la pili, na mbele zaidi la tatu.

"Haya ni ya nini, ami?"

"Alama," Majid alisema akinywa kahawa yake. "Hili la kwanza ndipo alipokuwa akigeukia maksai wakati wa babu yangu. La pili la baba. La tatu langu, niliposhika shamba."

Mahfoudha aliyatazama. Kichwa chake cha ualimu kilifanya kazi yake bila ya yeye kukiomba.

"Ule ukame uliowatoa nyinyi ulipokwisha, maksai alirudi kugeukia kwenye jiwe la babu?"

Bakhit aliacha kuchimba akaegemea jembe.

"Hapana," Majid alisema. "Hakurudi kwenye la babu. Wala kwenye la baba. Ndipo nilipoweka langu."

"Basi mvua ilirudi," Mahfoudha alisema, "lakini haikurudi yote."

Hakulisema kwa kutaka kumshinda. Alilisema kama ambavyo angesema ubaoni kwamba hesabu hii haijakamilika. Majid alimkabidhi kikombe. "Safari hii itarudi yote," alisema, akamwashiria Bakhit aendelee.

Mvua ilikuja kipupwe kilichofuata, kwa nguvu. Ilianza mchana, ngurumo zikishuka kutoka milimani, na kabla ya magharibi bonde lililokuwa kavu miaka yote ile lilijaa maji mekundu yanayobeba magogo na mbuzi waliokufa. Majid alitoka kichwa wazi, akasimama uani mikono juu, anacheka na kulia pamoja. Bi Nasriya alimvuta Mahfoudha kwa mkono. "Njoo urowe! Njoo, mwanangu, hii ni rehema!"

Mahfoudha alisimama mvuani. Alikumbuka kwamba Unguja mvua ilikuwa ikimfurahisha, kwamba Marhoon alikuwa akifungua madirisha ili wasikie vizuri. Alilikumbuka hilo kama jambo alilosimuliwa. Maji yalikuwa ya baridi. Hilo ndilo tu aliloweza kusema alipoulizwa na Bi Nasriya anajisikiaje.

Maji mengi ya siku ile yalikimbilia baharini. Hata hivyo kisima kilipanda, na chai ikanyweka kwa sukari kidogo. Majid alikaa kila asubuhi kando ya mteremko, akimtazama maksai. Bakhit alianza kumgeuza mapema, kwa kuwa ndoo ilifika juu mapema. Maksai aliliacha shimo jipya, akapanda, akapanda tena, akalikaribia jiwe la tatu. Majid alimwita mkewe na Mahfoudha waje waone. Lakini maksai hakulifikia jiwe lile. Alilikaribia wiki moja, mbili, na joto lilipoingia akaanza tena kuteremka, kidogo kidogo, mpaka akawa anageukia kulekule chini alikochimbiwa. Chumvi ikarudi kwenye chai.

Majid aliendelea kukaa kando ya mteremko kila asubuhi. Kisha asubuhi moja alimwendea Bakhit, akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Mfungue."

"Nimfungue apumzike?"

"Mfungue tu. Mpeleke kwa Ishaq, akamlishe akiweza."

Gurudumu likanyamaza. Majid aliingia ndani, akaketi karibu na Mahfoudha aliyekuwa akichambua mchele. "Mvua nilizokuwa nikizingoja mimi," alisema, "ni zile alizokuwa akinisimulia baba. Nilidhani nimeziona. Sikuziona."

Mahfoudha alimsogezea sinia, wakachambua pamoja.

Walihamia Matrah, nyuma ya soko. Mitende ilibaki imesimama peke yake. Mtende hukawia kufa. Bakhit alipata kazi ya kubeba mizigo bandarini, akawa anapita kuwasalimia siku za Ijumaa. Bi Nasriya na Mahfoudha walidarizi kofia kwa ajili ya mwenye duka mmoja, tundu baada ya tundu, na kazi ile ilimfaa Mahfoudha kwa sababu ilitaka macho na vidole tu. Majid alikaa dirishani. Watu wa Sib walipokuja mjini walimpitia wakamweleza nani ameuza na nani bado. Alisikiliza, akawauliza habari za watoto wao.

Mwaka 1970 nchi ilipata mtawala mpya. Milango ya ukuta wa mji ikaacha kufungwa usiku, na jamaa wa Unguja waliotawanyika Mombasa, Dar es Salaam na Kairo wakaanza kuja mmoja mmoja. Ilipofunguliwa shule ya wasichana, mtu fulani alikumbuka kwamba nyuma ya soko la Matrah yupo Mzanzibari aliyekuwa akisomesha hesabu. Wakaja kumwuliza.

"Kwa miaka hii sita ulikuwa ukifanya kazi gani?" bwana mwenye kalamu alimwuliza.

"Nilikuwa Sib," Mahfoudha alijibu.

Yule bwana aliandika hivyo hivyo. Kazi akapewa.

Siku ya kwanza alirudi adhuhuri, baibui lina vumbi jeupe la chaki. Bi Nasriya aliweka kofia pembeni. "Umeonaje, mwanangu?"

"Watoto wengi. Madawati hayatoshi, wengine wamekaa chini."

"Na wewe mwenyewe?"

Mahfoudha alifikiri kwanza, maana hakuwa na desturi ya kuulizwa na kuwa na jibu. "Nna njaa," alisema.

Bi Nasriya alimtazama. Miaka yote ile binti wa shemeji yake alikuwa akila pale anapoambiwa ale. Aliinuka, akachukua sahani, akampakulia wali na samaki, akarudi kukaa. Dirishani Majid alikuwa amesinzia. Mahfoudha alinawa chaki, akala, akaomba aongezwe.