Mkono Ulioelea

Fundi santuri alifunga karakana yake masikio yalipoanza kumtupa mkono. Fundi wa muziki asiyesikia muziki ana kazi gani, alijisemea, akawa mtu wa kukaa dirishani, akitazama wapita njia wakifumbua midomo kimya kimya kama samaki.

Asubuhi moja dada yake akaja amekumbatia mashine yake ya santuri, kaifunga kwa shuka.

"Sindano inaruka," alisema, akitamka taratibu ili kaka yake amsome midomo. "Wimbo ukifika katikati, inateleza hadi mwisho."

"Mpelekee mwingine. Mimi nimeshastaafu."

Mkewe aliacha kukunja nguo, akamsogelea sikio la kushoto, lile lenye nafuu. "Mkono wa sindano unausawazisha kwa macho, mume wangu. Kusikia niachie mimi."

Alifungua karakana, wanawake wakimfuata, akapangusa vumbi, akaiweka mashine mezani na kuinama mpaka jicho likawa usawa na sahani inayobeba santuri. Akaachia mkono wa sindano hewani, akaanza kuzungusha kile kipande kizito cha nyuma yake. Akikisogeza mbele, sindano iliinama kama mtu anayesinzia. Akikirudisha nyuma, ilinyanyua pua. Alizungusha tena, pumzi kaibana, mpaka mkono ukaacha kupanda na kushuka.

Ukaelea. Mwanga wa dirisha ulipita chini yake, naye akabaki kuutazama, asijue muda unakwendaje. Aliona kama meza, kuta na yeye mwenyewe vimepoteza uzito, na upepo kidogo tu ungevibeba vyote.

Kisha akaongeza uzito kiasi, sindano ipate kutulia kwenye mfereji wa santuri, akaishusha.

"Vipi?"

"Inakoroma kama wewe," mkewe alisema.

Akacheka, akaongeza tena, kidogo mno. Safari hii hakuuliza. Aliuona uso wa mkewe ukilegea, akawaona mawifi hao wawili, mkewe na dada yake, wakishikana mikono na kuzunguka taratibu katikati ya masanduku. Akalaza kiganja juu ya meza. Wimbo ulipanda kupitia mbao, ukamwingia vidoleni, akafumba macho.

Siku hizi karakana iko wazi, na ndani mna viti viwili. Wateja humweleza mke, mke humweleza mume, na mara nyingi hubishana: mke hudai bado sauti haijakaa sawa, mume hudai macho yake hayadanganyi. Ukiuliza fundi ni nani, kila mmoja humwonyesha mwenzake.