Kengele ya Mama Seon-ok

Ukimwita Tak Yeong-mo mara moja ni kama hujamwita. Mtaa wa mafundi wa Euljiro jijini Seoul wote ulilijua hilo, na aliyelijua kuliko wote ni mkewe, Na Bok-rye. Tangu walipooana alikuwa akisimama uani na kuita, "Baba Seon-ok! Chakula kinapoa!" na mumewe ameinamia redio ya watu, moshi wa risasi ya kulehemu unampanda puani, hana habari. Ataita tena. Ya tatu ndiyo anaingia mwenyewe na mwiko mkononi.

Si kwamba Tak alikuwa kiziwi. Masikio yake yalikuwa mazuri mno. Akikitikisa kipaza sauti mara moja tu, alijua ni waya gani umelegea ndani. Ila alikuwa mtu wa kupenda kazi kupita kiasi, na watu wa namna hiyo huwa na dhuluma yao ndogo nyumbani, dhuluma ambayo hakuna mtu anayeweza kuwashtakia. Bok-rye alikuwa mshonaji wa nguo za harusi sokoni, mwanamke wa maneno na vicheko, na sauti yake ilivuka mapaa. Majirani walikuwa wanasema kwamba mtaani hapo saa haina kazi, kwa kuwa Mama Seon-ok akianza kumwita mumewe ujue ni wakati wa kula.

Kisha kiharusi kikampiga Bok-rye asubuhi moja akiosha mchele. Alipotoka hospitali upande wa kulia ulikuwa umelala, na sauti yake ilikwisha kabisa. Kilichobaki ni macho, ambayo yalikuwa makali vilevile, na mkono wa kushoto ambao uliweza kujiburuta juu ya shuka kwa taabu, kidogo kidogo.

Usiku ule wa kwanza kurudi nyumbani Tak alikaa sakafuni kando ya godoro lake, akamshika mkono huo wa kushoto.

"Mama Seon-ok," alisema, "umeniita vya kutosha. Kuanzia leo hutaniita mara mbili. Ukiita mara moja tu, mimi huyu hapa."

Bok-rye alimtazama kwa jicho la kutoamini, na kama angekuwa na ulimi angemwambia jambo.

Kengele ya kubonyeza ilishindikana. Kidole chake hakikuwa na nguvu ya kusukuma hata swichi laini kuliko zote. Binti yao Seon-ok, aliyeolewa Busan, alisema kwenye simu kwamba iwekwe kamera, lakini mama mtu aliposikia neno hilo aligeuzia uso ukutani na hakula hadi jioni. Mwanamke aliyevalisha maharusi hakutaka kutazamwa amelala na nepi. Basi Tak akashuka dukani kwa rafiki yake Kwak, anayeuza vifaa vidogovidogo vya umeme, akachukua kijikompyuta kimoja cha ukubwa wa kidole gumba, vile ambavyo watu hununua kwa kujifurahisha, wakawashia taa na kumwagilia maua. Kilikuwa na mguu mmoja, kijipini cha kuunganishia waya, wenye uwezo wa kuhisi. Ukiunganisha mguu huo na kipande cha shaba, mkono wa mtu ukigusa, namba ndani yake zinabadilika. Hakuna cha kubonyeza. Kugusa kunatosha.

Alikata bati la shaba la ukubwa wa kiganja, akalifunika kwa kitambaa cha viraka vya hariri ambacho Bok-rye mwenyewe alikishona zamani kutokana na masalio ya nguo za maharusi. Akavuta waya hadi jikoni, akatundika kengele juu ya sinki. Akagonga shaba kwa ncha ya kidole, taf! Kengele ikalia. Akagonga tena, ikalia. Bok-rye akatabasamu kwa nusu ya mdomo iliyokuwa bado yake, na Tak akaenda uani kulia peke yake.

Furaha hiyo haikudumu. Baridi ilipoanza, kengele ikashikwa na wazimu.

Ililia yenyewe. Tak akiwa anakoroga uji wa mchele, kengele! Anakimbia, anamkuta mkewe amelala fofofo. Anarudi, uji umeshika chini, kengele tena! Jirani wa juu, Mama Du-ri, mwanamke mwenye mdomo usio na breki, aliteremka ngazi na kusimama mlangoni.

"Shemeji, nyumba yako ina pepo au ni wewe unajifunza muziki?"

"Ni mashine, Mama Du-ri. Inanisumbua."

"Miaka yote ulikuwa husikii ukiitwa. Sasa unaitwa hata na hewa. Mungu ana utani huyu!"

Bok-rye aliyasikia hayo kutoka chumbani, na bega lake likatikisika kwa kicheko. Tak aliona, na kwa ajili ya kicheko kile alimsamehe Mama Du-ri kila kitu.

Aliutafuta ugonjwa wa kile kidude kama alivyotafuta magonjwa ya redio. Alibadilisha waya, ukawa mfupi zaidi. Alibadilisha chaja. Alikihamisha mbali na mashine ya kutia unyevunyevu. Alikaa kando ya godoro na kompyuta mapajani akitazama namba zikipanda na kushuka, hadi siku moja akasikia mlio mdogo, tik, na namba zikaruka wakati huohuo. Ulikuwa mkeka wa umeme, ule wa kupasha mwili joto, uliotandikwa chini ya mgonjwa. Kila ulipojiwasha umeme wake ulivuja kidogo, ukampitia Bok-rye mwilini bila yeye kuhisi, ukaifikia shaba. Nyumba yao ilikuwa kuukuu, haina waya wa ardhini. Tak aligeuza plagi ya mkeka kwenye soketi, akashangaa: ikichomekwa hivi, mkono ukigusa namba zinashuka, ikichomekwa vile, zinapanda.

"Uzime huo mkeka," Kwak alimwambia, miguu juu ya meza, anakunywa kahawa ya pakiti.

"Nizime mkeka mwezi huu? Si bora uniambie nimzime na mke wangu."

"Basi, kaka, punguza ukali wa kidude. Ni kama bibi mwoga huyo, akisikia panya anaita polisi. Mfundishe kuzoea. Kitu kikija polepole, aseme ni hali ya hewa, akae kimya. Kikija ghafla, ndiyo mkono huo."

Tak alirudi nyumbani akafanya hivyohivyo. Alikifundisha kidude kuzoea. Hewa ya Seoul haitulii, kiangazi kila kitu ni majimaji na baridi ngozi inapasuka, kwa hiyo namba zikipanda au kushuka taratibu, kidude kizichukue kuwa ndiyo kawaida mpya na kisijali. Lakini zikiruka mara moja, kuliko mkeka unavyoweza kuzirusha, ziwe zimepanda au zimeshuka, maana plagi ile haikuaminika, kilie. Alipomaliza aligonga shaba, taf, ikalia. Akawasha mkeka, kimya. Akauzima, kimya. Aligonga tena na tena kwa kidole chake kigumu cha fundi, na kila mara kengele ikamjibu.

Siku zile nyumba ilitulia. Tak alipika bila kukurupuka, akaweza hata kusinzia mchana. Hakuna aliyemwambia, na yeye mwenyewe hakuliwaza, kwamba mkono wa mkewe haugongi.

Alasiri moja kengele ililia. Tak alikuja mbio akifuta mikono, akamkuta Bok-rye ameamka, mkono wake umeanguka kando ya kitambaa cha viraka, shuka limelowa, machozi yanamteremka hadi sikioni.

"Ni wewe umeniita, au ni pepo wa Mama Du-ri?" alimuuliza akicheka kumchangamsha. "Nimekuja mbio, unaona? Mara moja tu!"

Bok-rye alimkazia macho. Kisha akayafumba.

Tak alimbadilisha shuka akidhani analia kwa aibu. Aliutazama mkono ule ulioanguka nje ya shaba, akajisemea kwamba basi kengele imelia yenyewe tena, maana mkono haukuwa unagusa kitu. Jioni ile aliifungua kompyuta na kukifanya kidude kizoee haraka zaidi.

Majirani walipoanza kutengeneza kimchi, kabichi za pilipili za kuhifadhi kwa msimu wa baridi, Tak alitangaza kwamba na nyumba yake itatengeneza. Mama Du-ri alicheka hadi akashika ukuta.

"Wewe? Wewe hujui kabichi inashikwa wapi!"

"Mama Seon-ok anajua. Mimi nitakuwa mikono yake."

Na alimaanisha. Kila mwaka Bok-rye ndiye aliyekuwa jemadari wa shughuli hiyo pale uani. Alipaka viungo jani la kwanza, akalikunja, akamsukumia mumewe mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, hata kama mumewe alikuwa ameshika kazi. Lilikuwa jambo la pekee ambalo Tak aliliachia kazi bila kuitwa mara tatu. Mwaka huu alipanga mambo yageuke. Angemletea yeye jani la kwanza, angemgusisha viungo mdomoni, naye aseme kwa macho kama chumvi imekolea.

Asubuhi hiyo alimlisha uji, akamgeuza ubavu, akamwekea mkono wa kushoto juu ya shuka, karibu na kitambaa cha viraka.

"Niko uani hapo tu. Ukitaka lolote, gusa. Mlango wa jikoni nauacha wazi niisikie kengele."

Bok-rye alikishika kidole chake kwa nguvu ndogo aliyokuwa nayo, na hakukiachia upesi. Tak alikiondoa taratibu, kabichi zilikuwa zinamngoja.

Uani kulikuwa na baridi na jua. Yeye na Mama Du-ri walichuchumaa mbele ya beseni, glavu nyekundu za mpira hadi viwikoni, wakakanda pilipili, saumu na dagaa wa chumvi. Mama Du-ri alimtukana kwa kila jani alilolipaka vibaya.

"Paka hadi kwenye kiini, shemeji! Unapaka kama unaogopa kuchafua redio."

"Kimya, nasikiliza kengele."

"Kengele imetulia. Mkeo anapumzika, mpe nafasi. Hata angekuwa na ulimi, leo angekucheka tu."

Tak alicheka pia. Kwa kweli alikuwa na furaha asubuhi ile. Masikio yake yote mawili yalikuwa jikoni na kengele ilikuwa kimya, na kimya kile kilimfurahisha, kwa kuwa alikitengeneza mwenyewe.

Kabichi ya kwanza ilipokuwa tayari alichagua jani la ndani, lile la manjano, akalikunja vizuri. Akavua glavu, akaliweka kwenye kisahani, akaingia.

"Mama Seon-ok, jani lako hili. Mama Du-ri anasema nimeharibu, lakini wewe ndiye..."

Bok-rye alikuwa ametazama mlangoni. Uso wake ulikuwa umegeukia huko, macho wazi, na hayakumtazama Tak alipoingia. Shuka lilikuwa limejikunja pale mkono ulipopita ukijiburuta. Mkono wenyewe ulikuwa juu ya kitambaa cha viraka, katikati kabisa, kiganja chote chini, vidole vimetandazwa.

Tak alitua kisahani sakafuni. Alimwita jina lake, lile la usichana, ambalo hakuwa amelitamka kwa muda mrefu. Aliweka sikio kifuani. Kisha akakaa tu, akiutazama mkono uliolala juu ya shaba, na nyumba ikiwa kimya.

"Mbona hukugusa?" alimnong'oneza, kwa hasira ya mtu anayetaka kulia. "Si nilikuambia uguse tu?"

Akaushika mkono ule, akauinua ili auweke kifuani kwake.

Kengele ikalia.

Ililia jikoni juu ya sinki, kali, bila kukatika, na Tak akabaki na mkono wa mkewe hewani. Hapo ndipo alipoelewa yote, kwa mara moja, kama fundi. Alikuwa amegusa. Alikuja polepole kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kuja, na kidude kikamchukulia kuwa hali ya hewa. Alikaa pale akiita, akiita, na kidude kikamzoea, kikahesabu kwamba mkono wake juu ya shaba ndiyo kawaida ya nyumba hii. Sasa kililia kwa kuwa ameondoka. Na alasiri ile ya machozi ilikuwa hivihivi: alikuwa ameita hadi akachoka, mkono ukaanguka, na kengele ikalia kwa kuanguka kwake, naye Tak akaja anacheka na kumuuliza habari za pepo.

"Bok-rye," alisema. "Bok-rye, nisamehe. Uliniita."

Kutoka uani sauti ya Mama Du-ri ilipanda, ya utani, imejaa pilipili na saumu.

"Baba Seon-ok! Husikii? Mkeo anakuita!"

Tak aliukumbatia mkono ule kifuani. Jikoni kengele ilififia yenyewe, ikanyamaza. Kidude kilikuwa kimeshazoea.

"Baba Seon-ok!" Mama Du-ri aliita mara ya pili.