Siku Nilipofungua Vyungu vya Utafiti Mbele ya Bwana Mkubwa

Naam, ni mimi. Ni mimi yule kijana wa shule ya serikali niliyeaibika pale Morogoro mbele ya Bwana Mkubwa wa boma, mbele ya akida, mbele ya Wahindi wa madukani na mbele ya mama yangu mzazi aliyeteremka mlimani na kanga mpya, mpaka leo nikienda sokoni Mkuyuni lazima atokee mtu aniulize chungu cha tatu kina nini. Chekeni, jamani, chekeni mshibe, nimeshazoea. Lakini mkimaliza mnisikilize, maana mnajua nusu tu, na hiyo nusu yenyewe mnaisimulia vibaya.

Nilikuwa darasa la mwisho, na mwalimu wetu wa elimu ya mimea (Mjerumani mwembamba, si mtu mbaya, ila alipenda kila kitu kiwe kwenye mstari mnyoofu, hata sisi) akatangaza kwamba anayetaka anaweza kujiandikisha kufanya utafiti wake peke yake, swali lake mwenyewe, badala ya kupalilia pamba ya shule na wenzake, na atakayefanya vizuri siku ya maonyesho atapelekwa shamba la majaribio kuendelea na masomo. Wenzangu wote wakatazama miguu yao. Mimi nikanyoosha mkono. Nililitaka lile shamba kuliko nilivyotaka kuoa, na asiyekwenda huko alijua kinachomngoja: ukarani wa akida huko Kisaki, kuwakimbiza watu kwa ajili ya kodi ya kibanda.

Swali langu lilikuwa hili: ni nini kinachozuia fukusi wasibungue maharage ya mbegu? Shule ikanipa mbegu, nikajaza vyungu vitatu, cha kwanza nikachanganya na majivu, cha pili na majani makavu ya kivumbasi, cha tatu maharage matupu, nikaziba midomo yote kwa udongo. Mwalimu akasema vikae ghalani shuleni. Nikakataa. (Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, lakini hata leo nasema nilikuwa sahihi, maana ni mkulima gani wa Uluguru anayeweka mbegu kwenye ghala la bati lenye kufuli? Mbegu hukaa uchagani juu ya meko, zinapigwa moshi, basi na utafiti ukae huko huko.) Nikavipeleka vyungu mlimani, jikoni kwa mama.

Nilichosahau, mimi mwenye akili nyingi, ni Shomari. Shomari ni mtani wetu, ukoo wake na ukoo wa mama yangu wanataniana tangu mababu. Akiingia jikoni kwetu akakuta chakula, ni chake, akikuta kuku, ni wake, nasi kwao hivyo hivyo, na ukinuna umejivunjia heshima mwenyewe. Lakini msiba ukitokea, ndiye anayechimba kaburi. Bibi yangu alipofariki mvua ilinyesha kutwa nzima, na Shomari ndiye aliyeshuka kwenye matope kumpokea. Mtu kama huyo utamfungia uchaga?

Asubuhi ya maonyesho tukateremsha vyungu, mimi viwili kwenye mti wa mzega begani, mama kimoja kichwani. Cha tatu kilikuwa chepesi ajabu. Nikajisemea, kwisha kazi, fukusi wamekula mpaka unga! Nilifurahi, wallahi, nikateremka mlima napiga mbinja.

Pale uwanjani nikatoa hotuba, na hotuba gani! "Bwana Mkubwa, tangu mbegu hizi zizibwe, hakuna mkono wa mtu uliozigusa." Nikavunja udongo wa chungu cha kwanza kwa madaha, nikamimina mezani: mawe ya mtoni. Cha pili: mavi ya mbuzi, makavu, mengi, yakabingirika mpaka kwenye karatasi za mwalimu. Mwenye akili angeishia hapo, lakini mimi nikasema cha tatu kitaniokoa. Nikakifungua, akaruka chura mkubwa, akatua ndani ya kofia ya Bwana Mkubwa iliyokuwa mezani, akatulia humo kama amefika kwake.

Loo! Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama akajifunika uso. Na katikati ya vicheko vyote nikasikia kimoja ninachokijua, nikageuka nikamwona Shomari anapiga ardhi kwa viganja, machozi yanamtoka, nikaelewa yote: amekula, ametia vyake, ameziba udongo upya vizuri kuliko nilivyoziba mimi.

Bwana Mkubwa hakucheka. "Mbegu za serikali zimeibwa," akasema. "Nani?"

Askari akasogea na kiboko mkononi. Vicheko vikakatika. Mwalimu akaniinamia sikioni, "Sema jina tu. Kosa si lako. Shamba la majaribio utakwenda, nakuahidi."

Nikamtazama Shomari. Amesimama, midomo imemkauka. Mzungu hajui utani, kwake huo ni wizi, na wizi wa mali ya serikali ni viboko hamsa ishirini na mnyororo juu yake. Nililitaka lile shamba, jamani, msidhani sikulitaka.

"Hakuna mwizi," nikasema. "Nimekula mimi."

"Zote?"

"Zote, Bwana. Na mawe nimetia mimi, na mavi pia."

"Na chura?"

(Hapo mngejibu nini ninyi?) "Wa kula fukusi, Bwana."

Nikalazwa chini pale pale. Sikulia. Anayesema nililia aje aseme hapa mbele yangu. Mwalimu hakunitazama tena, akakusanya karatasi zake akaondoka, na shamba la majaribio likaondoka naye.

Kurudi mlimani Shomari alinibeba mgongoni, na mwili wangu huu, bila kutoa mzaha hata mmoja, nikaanza kuogopa. Kwenye kijito akanishusha, akasema, "Mtani, nisamehe."

Nilikasirika! Hata kiboko hakikunikasirisha vile. "Shomari, wewe uniombe radhi mimi? Ukiniomba radhi leo, kesho tutakuwa nani? Na mimi nitazikwa na nani?"

Akanawa uso, akakohoa. "Basi," akasema, "yale ya majivu yalikuwa mazima. Ya kivumbasi nayo mazima, ila yananuka kama dawa ya mafua. Yale matupu yamebunguliwa yote, nikawamwagia kuku. Na wewe, mtafiti mzima, hukutia hata chumvi!"

Nikacheka mpaka mgongo ukaniuma upya, nikalia pia (hapo nililia, nakubali), maana lilikuwa ndilo jibu langu, nimelipata, na hakuna wa kumpelekea.

Hata ukarani wa Kisaki walininyima, Mungu mkubwa. Nalima, na kila msimu nafanya utafiti wangu bila kujiandikisha kwa mtu. Nimeapa sitafungua tena chungu mbele ya watu kabla sijachungulia peke yangu, na hilo ndilo kosa pekee ninalolikubali. Vyungu vyangu viko pale pale uchagani kwa mama, na pembeni nimemwekea Shomari cha kwake, kimejaa, kina chumvi. Hakigusi. Anakula vile vya utafiti.