Majembe Yaonekanavyo kutoka Juu

Yule mama alisimama mbele ya beseni langu sokoni Mbarara, akainama, akanusa, akaniuliza kama hii ndiyo mboga ya Wakongo inayotwangwa. Nikamwambia ndiyo, ni sombe, majani ya muhogo. Akaniambia mume wake ni askari, aliwahi kupelekwa upande wa Kongo, na tangu arudi hana wimbo mwingine mezani. Matoke yamemkinaisha, anataka sombe. Yeye mwenyewe ni mtu wa Bwizibwera, kwao ni watu wa maziwa, na majani waliyaachia mbuzi.

"Nyabo, fundisha mimi kupika hii kitu," alisema, "kabla hajanirudisha kwetu."

Kufundisha ni kazi ambayo sijawahi kuikataa. Kwetu Kivu ya Kusini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hapa Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi ya Uganda, nalima na kuuza, lakini hata leo mtu akiniuliza njia huokota kijiti na kumchorea ardhini. Basi kila nilipomaliza kuuza nilipitia nyumba waliyopanga nyuma ya kambi ya jeshi, nikapika naye, nikarudi na maziwa kwenye jerikani. Hivyo ndivyo nilivyomfahamu mume wake.

Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mpole, na siku hizo hakuwa na raha. Alikuwa kwenye kozi. Nilimwomba anieleze ni kozi gani, naye akanieleza kwa Kiswahili chake cha jeshi. Mimi nitaieleza kwa namna yangu.

Sisi tulio chini hudhani kwamba aliye kwenye ndege anatuona kama jirani anavyotuona juu ya ua. Sivyo. Ndege huwa mbali mno. Kinachoona ni kamera, na picha yake huenda kwenye kioo ambacho mtu mwingine amekaa akikitazama. Mtu huyo ndiye husema wale ni adui, au wale si adui, au sijui. Neno lake likishatoka, bomu likiachiliwa, halirudishwi. Mume wa rafiki yangu alikuwa anasomea kuwa mtu wa kioo.

Na alikuwa amefeli jaribio. Mkufunzi aliwaonyesha picha ya watu wanaotembea kwa mstari, kila mmoja na kitu kirefu begani. Akajibu haraka kwamba ni wapiganaji. Kumbe walikuwa wakulima wanakwenda shamba. Angejaribiwa mara moja zaidi, na akikosea tena angerudishwa kwenye karakana ya magari alikotoka.

"Mimi naona bunduki," alisema. "Mistari ni safi. Nafasi kati ya mtu na mtu iko sawa. Hata askari yangu hapana tembea vizuri hivyo."

Mke wake alicheka. Mimi sikuweza.

Dada yangu mkubwa alibaki kwetu. Huko wanawake hulima kwa likilimba, maana yake mnajikusanya mnalima kwa mmoja leo na kwa mwingine kesho, mpaka mashamba yote yamepata mikono. Njia za mlimani ni nyembamba, kwa hiyo mnakwenda kwa mstari, jembe begani, mpini mbele. Baada ya mimi kukimbia, ndege ilipita juu ya mstari wa likilimba yao asubuhi moja. Ilikuwa ya nani, hadi leo hakuna aliyetuambia. Dada yangu alikuwa amerudi nyumbani kuchukua chumvi. Waliotangulia hawakufika shambani. Na bado analima kwa mstari uleule, kwa sababu mtu mmoja hawezi kulima mlima peke yake. Nikiongea naye kwa simu wakati wa kupanda, huwa nasikiliza maneno yake na pia kilicho juu ya maneno yake.

Nilimweleza askari yote hayo. Kisha nikamwambia aje Nakivale awaone watu wenye majembe. Kama angekaa kwenye kiti kile cha kioo, nilitaka awe amekwisha kuiona likilimba.

Nilidhani ugumu ungekuwa kupata ruhusa. Ugumu ulikuwa kwa wanawake wenzangu. Nilipowaeleza, yule anayetuongoza, mjane ambaye kila mtu humwita shangazi, aliweka jembe chini.

"Mi nilikimbia sababu ya kuangaliwa," alisema. "Leo unasema nitembee, soda mwingine wa jeshi aniangalie tena toka kule juu?"

"Shangazi, huyu anajifunza asitukosee."

"Na akikosea?"

"Siku hiyo hana kitu. Ni macho tu."

"Macho njo inaanzaka," alisema. Aliwaza kidogo, akalichukua jembe lake. "Sawa. Lakini batu beko nalima, yeye eko naangalia bure? Hapana. Akimaliza kuangalia, ashuke alime."

Wakakubali kwa sharti hilo.

Walikuja Jumamosi kwa boda boda mbili, yeye akiwa na nguo za kiraia na ruhusa yake mfukoni, mke wake akiwa na viatu vyeupe ambavyo havikuwa vya safari ile. Nilimpeleka mume juu ya kilima kilicho nyuma ya viwanja vyetu, ambako unaona mashamba ya mahindi na maharage mpaka ziwani. Njiani nilimfundisha, kwa maana nilikuwa nimejiandaa kama zamani darasani.

Nilimwambia atazame vitenge, kwa sababu mpiganaji havai kitenge cha maua.

"Kamera ya joto hapana ona maua, mwalimu. Mtu wote ni mweupe tu."

Nikamwambia atazame mzigo kichwani. Akasema wapiganaji nao hubebesha watu mizigo. Nikamwambia jembe lina kichwa cha chuma, bunduki haina. Akasema kutoka mbali, asubuhi, kivuli hurefuka na kichwa cha jembe kinapotea. Nikamwambia, basi, wenye majembe ni wakulima. Akanitazama kwa huruma, akasema hata waasi hubeba majembe wakijua kwamba anatazamwa anayebeba bunduki.

Alama zangu zote ziliisha kabla hatujafika kileleni. Nilikuwa nimekuja kumpa orodha ya vitu vya kutazama, naye ndiye aliyenifundisha kwamba orodha haitoshi. Sikukasirika. Mwanafunzi anayeuliza vizuri hukuokoa usifundishe uongo.

Kisha mstari ukatokea kwenye njia chini yetu. Akatoa simu, akapiga picha, akaiondoa rangi ifanane na ya kozi, akaikuza kwa vidole. Nilichungulia. Nawajua wanawake wale, nimelia nao na kuimba nao kanisani, na kwenye picha ile niliona tu vijiti vyeusi vyenye vijiti vingine begani. Hapo nilielewa jinsi mtu mwema anavyoweza kukosea. Halikuwa jambo jepesi kulielewa.

"Wanawake wako ni wangapi kila siku?" aliuliza.

Nilimtajia.

"Hapa iko mmoja zaidi."

Nikatazama kwa macho yangu, nikahesabu, nikaona ni kweli. "Labda jirani," nilisema.

"Labda. Au labda mtu alijificha ndani yao. Kwenye kozi, mtu wa kuongezeka ni alama mbaya."

Tuliendelea kutazama. Mstari ulikwenda ukakatika, kwa sababu mmoja alikuwa anabaki nyuma. Akasimama, akashika mguu mmoja, akashika wa pili, na vitu viwili vidogo vyeupe vikarushwa kwenye nyasi. Shangazi alirudi, akamchukulia jembe lake, akatembea na mawili.

Askari alishusha simu.

"Ile ni ya kwangu," alisema.

"Nini yako?"

"Bibi yangu. Hakuna mwingine anavua viatu na hasira namna hiyo."

Mke wake alikuwa ameomba jembe na kuingia mstarini bila kutuambia. Baadaye alisema alitaka tu kuonja. Mume alikaa juu ya jiwe. Nikamwacha, kwa sababu wakati mwingine mwalimu hupaswa kunyamaza ili somo limalizike lenyewe.

"Kwa hii picha," alisema mwishowe, "yeye ni alama mbaya."

"Na ulipokodoa macho ukaendelea?"

"Nikamwona." Aliitazama tena simu, akaitia mfukoni. "Si kwa sababu mimi ni hodari. Kwa sababu nilikaa."

Tulishuka. Alipewa jembe, akalima kama mtu anayechimba handaki, mashimo marefu yasiyofaa kwa maharage. Shangazi alisimama nyuma yake mikono kiunoni.

"Baba, hapa tunapanda madesu. Wewe unatuzika?"

"Mama, sema pole pole, mgongo inasikia."

Naye mke wake, miguu ikiwa na matope mpaka magotini, hakumwonea huruma. "Miaka yote unaniambia unanijua hata gizani kwa mwendo wangu. Leo mchana kweupe umesema mimi ni mwasi."

"Nilisema labda."

"Hiyo labda yako utakula leo badala ya sombe."

Wakati wa kupumzika, tukila fufu na sombe chini kwenye majani, wanawake walimuuliza mambo ambayo sikutarajia wangethubutu. Shangazi aliuliza kama bomu linaweza kuzuiwa lisiue watu wasiohusika. Alimjibu vizuri, bila kujifanya mkubwa. Alisema yapo madogo na makubwa, na anayechagua dogo penye nyumba amekwisha kuokoa mtu. Alichimba tundu kwa kidole akaonyesha kwamba bomu linaweza kutengenezwa liingie kwanza ardhini ndipo lipasuke, ili vipande viruke juu badala ya kwenda pembeni. Alisema ndege inaweza kuchagua upande wa kuingilia, ili likikosea liangukie mlima na si kijiji. Na inaweza kungoja soko limalizike, watu waende kwao.

"Lakini hayo yote yanakuja nyuma," alisema. "Mbele iko swali moja, hawa ni nani. Kama jibu ni mbaya, bomu nzuri ni mbaya."

Shangazi alitafuna, akameza. "Na kama haujui?"

"Kama hujui, unasema hujui."

"Na mkubwa wako anakubali?"

"Hiyo ndiyo nitajua siku ya jaribio," alisema.

Siku ya jaribio lake nilikuwa sokoni, na niliuza vibaya, nikampa mtu mmoja chenji mara mbili. Jioni mke wake alinipigia akanisimulia. Waliwaonyesha picha inayotembea, watu kwa mstari kwenye njia ya mlimani. Wenzake walijibu. Zamu yake ilipofika akasema, "Bado, afande, naomba niendelee kutazama." Mkufunzi akairudisha. Akasema tena bado. Mkufunzi akamuuliza kama anataka kulala pale. Akajibu kwamba akilazimishwa kusema sasa, jibu lake ni kwamba hajui, na mtu asiyejua asiombe bomu. Mkufunzi alizima kioo, akawaambia darasa zima kwamba picha ile ilikatwa makusudi kabla haijaonyesha chochote cha kujulisha watu wale ni nani. Aliyetoa jibu amefeli.

Alifaulu. Baada ya wiki chache akaondoka na kikosi chake kuvuka mpaka, wapi hasa hatukuambiwa, na hatukuuliza. Nilimwombea kila Jumapili, nikamwombea na dada yangu, na sala hizo mbili nikaona zinaingia moja ndani ya nyingine.

Juzi nilikuwa jikoni kwa rafiki yangu, tunasafisha majani, simu yake ikalia. Aliongea naye kidogo kwa Kinyankore, kisha akaweka sauti ya nje na kuisimamisha simu kwenye kopo la chumvi.

"Mwalimu," sauti ilisema, mbali, ikikatika. "Kuna kitu hukunifundisha."

"Kitu gani, baba?"

"Watu wanatembea na kitu kirefu. Kizito. Wanabeba kwa mabega, mbele na nyuma, wanabadilishana. Kila mtu hapa alisema ni silaha kubwa. Mimi nilisema bado."

Kisu changu kilikuwa kimesimama juu ya majani.

"Walikasirika kidogo," aliendelea. "Tukakaa. Tukakaa sana. Walifika kwa mto, wakaweka kile kitu chini, na mmoja akapiga magoti akakinywesha maji."

"Kipoyi," nilisema. "Walikuwa wanapeleka mgonjwa. Walivuka?"

"Walivuka. Walipanda upande wa hospitali. Halafu tukaangalia mahali pengine."

Simu ilikatika, mtandao wa huko ndivyo ulivyo. Mke wake alikuwa ananitazama, macho yamejaa machozi, na hakuwa ameelewa nusu ya mambo.

"Kipoyi ni nini?" aliuliza.

Nikafuta mikono kwenye kitenge, nikatafuta fagio na mti wa kupigia deki, nikamwomba shuka moja kuukuu. Nikaanza kufunga shuka kati ya ile miti miwili, pole pole, nikimwonyesha kila fundo, ili aone jinsi watu wanne wanavyoweza kumbeba mmoja mlima mzima bila kumwangusha.