Chupa Isiyotiwa Mafuta

Siku moja ingali inanirudia, mwanangu, na kila inaporudi nashusha pumzi. Nilikuwa kijana wa Nyabiondo, nimepata kazi kwenye mgodi huko Walikale, mashariki ya Kongo, ya kutia mafuta katika moteri, ile injini ya kutoa umeme. Ni ile miaka ya kwanza baada ya uhuru. Moteri ikaungua. Shefu wa mashini, mkubwa wangu wa kazi, akasema nimeiba mafuta ya pipa, nikajazia mawese. Sikumlaumu: moteri ilikuwa mikononi mwangu, na mawese nilipikia kila siku. Nilianza hata kujiuliza kama nilichanganya bidoni, yale madumu ya mafuta, bila kujua.

Mafuta ya moteri yakapelekwa labo, chumba cha vipimo cha mgodi, kwa mpimaji Papa Safari. Aliyachemsha na potasi na alikoli, akaongeza maji.

"Mawese inageuka sabuni," alitueleza, "mafuta ya mashini hapana. Kama iko mawese ndani, tutaona povu."

Akatikisa chupa. Povu likapanda.

"Njo ile, ameiba," shefu akasema. "Apelekwe polisi."

Nikamshika Papa Safari mkono. "Papa, unanijua. Sema tu iko muzuri."

Akauondoa mkono wangu, taratibu. "Leo niseme muzuri juu yako, kesho mwingine ataniomba niseme mubaya. Ikala pale kwenye benchi. Na wewe shefu, ikala. Polisi haikimbii."

Shefu akacheka kidogo, akakaa.

Papa Safari akachukua chupa nyingine, akarudilia kazi yote: potasi, alikoli, moto, maji. Mafuta hakutia hata tone. Akatikisa. Povu likapanda vilevile.

"Na hii, iliiba nini?" akamuuliza shefu.

Chupa zilikuwa zimeoshwa kwa sabuni, hazikusuuzwa vizuri. Zikasuuzwa kwa maji ya moto, mafuta ya moteri yangu yakapimwa upya. Tulitikisa wote watatu kwa zamu. Povu hakuna. Nikakaa sakafuni nikicheka na kulia pamoja. Shefu, nisimnyime haki yake, ndiye aliyeninyanyua. "Unisamehe, kaka," akasema. "Twende tufungue moteri, tutafute ugonjwa wake."

Sikusoma sana, labda kazi ya labo naieleza vibaya. Lakini hili nina hakika nalo, mwanangu: kabla ya kumhukumu mtu, pima kwanza kile unachompimia, yaani hasira yako, woga wako, na maneno uliyookota njiani. Na wewe ukishitakiwa, usiombe upendeleo. Omba wapime tena. Mungu akukutanishe na watu wasio na haraka siku hiyo, na siku utakayoketi kuwahukumu wengine, akupe moyo kama wao.