Korongo Niliosema Wameondoka

Kila mwezi wa tatu korongo weupe walikusanyika Kalemela, kwenye ncha ya mawe inayoingia ziwani, wakingoja jua lipambe moto ndipo waruke kwenda kwao kaskazini. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa anakwenda kuwaaga. "Mwangaluka," aliwaamkia, kisha akawasihi warudi na mvua. Mtama wake hakuupanda mpaka awe amesikia kwamba korongo wametua shambani. Tulimcheka, lakini hakuna aliyethubutu kuwafukuza.

Macho yake yalipoingia ukungu, kazi ya kwenda kuwatazama ikawa yangu.

Soko la pamba lilikuwa limefunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Chama cha ushirika kilichokuwa kikituletea dawa ya wadudu kilikuwa kimejifia, na dawa tukawa tunainunua mnadani kwenye chupa za soda, hata karatasi ya maelezo haina. Msimu mmoja tuliuziwa maji matupu, tukayapuliza, funza wakala pamba wakasaza vijiti. Msimu uliofuata baba akaniambia, "Safari hii zidisha mara mbili." Nikapima vizibo viwili badala ya kimoja. Kwa ujuaji wangu nikaona havitoshi, nikatia cha tatu. Kumbe ile ilikuwa dawa kweli.

Korongo walishinda siku mbili shambani kwetu wakiokota funza na panzi waliolegea. Siku ya tatu nikaenda kule kwenye mawe. Lo! Walikuwa wamelala ovyo, mabawa wazi. Mmoja alijikokota mpaka ukingoni, akajaribu kuruka, akaanguka kifudifudi majini. Nilianza kuwahesabu, nikaacha. Nilikaa palepale nikalia kwa sauti kama mtoto.

Nyumbani bibi alikuwa ananingoja mlangoni.

"Wameondoka salama?"

"Wameondoka, bibi. Wote."

Alifurahi, jamani! Akapiga na vigelegele.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipoanza, watu wote walipanda. Kipande cha bibi tu kikabaki kitupu. "Wageni wangu bado," alisema, na mbegu akazifungia ndani. Baba aligomba, akamwambia uzee umemharibu akili. Mimi nilikuwa na neno moja tu la kusema, na sikulisema. Niliogopa, niliona aibu, basi. Nikajidanganya kwamba wengine watapita. Shambani kwetu hakutua hata mmoja. Mvua ikakatika, na kipande cha bibi kikaota magugu matupu. Mvi zimeniota sasa, na sijaona njia ya kujisamehe.

Siku moja aliniita nikae karibu naye.

"Mjukuu wangu, nadhani niliwakosea. Ningekwenda kuwaaga mwenyewe, hata kwa kupapasa." Akanigeuzia uso. "Wewe uliwaona. Walikuwa wamekasirika?"

"Hapana, bibi," nikamwambia.