Maua Kwenye Kifua cha Mama Mkwe

Niacheni nijicheke mwenyewe kwanza, kisha mnisaidie. Ilikuwa miaka ile rangi za makopo ziliporudi madukani Newala baada ya kuadimika sana, na kila mwanamke mtaani kwetu alitaka kupaka kitu. Mimi nilinunua kiti kikuukuu kwa nesi aliyehamia Masasi, nikakipiga msasa, nikakipaka kijani pale barazani. Hadi leo nikisikia harufu ya rangi mbichi, naikumbuka baraza yetu.

Nilitaka kiwe na maua ya njano, lakini karatasi niliyoikata matundu ya maua ya kupitishia rangi ililowa ikachanika. Ndipo nikakuta picha ya eksirei chini ya godoro, plastiki ngumu nyeusi. Nikajua ni ya mguu wa mume wangu, uliovunjika na kupona zamani. Sikuiangalia hata kwenye mwanga. Nikakata maua saba kwa wembe, nikaibana kwenye kiti, nikapitisha sponji yenye rangi. Nilijiona fundi kweli!

Jumapili mama mkwe akaja kutoka Kitangari.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

Akakalia kile kiti, akapapasa maua, akanisifu mno.

“Sasa nipe ile picha yangu ya kifua,” akasema. “Nilimwachia mumeo aniwekee. Kesho daktari anaitaka.”

Nikaileta. Akaiinua juu, mwanga ukapenya matundu saba katikati ya mbavu zake. Akakitazama kiti, kisha akanitazama mimi.

“Mama Zuhura,” akasema taratibu, “haya maua yameota lini kwenye mapafu yangu?”